Kigoda cha Mtani

Paukwa!

— Pakawa!

Mmekaa?

— Tumekaa!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo, yote mawili!

Mikono iko wapi?

— Kwenye mahindi!

Na macho?

— Yako kwako, bibi!

Waongo. Waongo wakubwa, wazee kwa watoto. Macho yenu yako kwenye sahani yangu ya visheti, nimewaona. Visheti kumi na viwili, nimevikaanga mwenyewe asubuhi, sukari yake haijakauka vizuri. Sasa sikilizeni. Visheti hivi ni vya yule atakayepukuchua mahindi yake kimya mpaka hadithi yangu ifike mwisho. Akipatikana mmoja, atakula vyote. Wakipatikana wawili, watagawana. Asipopatikana mtu, hayo tutayaona.

Eti nini? Wewe wa kofia ya kijani, unasemaje? Unaijua hadithi hii? Hata sijaianza! Haya, geukeni mtazameni, mtazameni vizuri, huyu ndiye mtu anayejua hadithi ambayo haijaanza. Mmemwona? Mmemshiba? Basi rudini kwangu.

Hapo zamani, zamani ambayo bibi yangu alihadithiwa na bibi yake, majogoo walipokuwa wakiwika kwa zamu ili wasigombane, palikuwa na kijiji kikiitwa Bondeni. Na ukipanda kidogo, ukihema mara tatu tu, unafika kijiji kingine kikiitwa Kilimani. Watu wa Bondeni na watu wa Kilimani walikuwa watani.

Utani mnaujua, lakini kuna watoto hapa, wacha niueleze. Mtani wako akija kwenye sherehe yako, anachukua nyama kwenye sahani yako, na wewe unacheka. Anavaa viatu vyako na kuondoka navyo, unacheka. Anasema harusi imependeza, tatizo ni sura ya bwana harusi, na bwana harusi mwenyewe anacheka mpaka machozi. Kukasirika ni mwiko. Ukimkasirikia mtani wako, watu wote wanapiga kelele, "Kakasirika! Kakasirika!" na papo hapo unatoa jogoo. Jogoo huyo mtani anambeba kwapani, na kila sherehe anakuja naye kumwonyesha watu, mpaka ulimwengu mzima ujue ulikasirika.

Basi, pale Bondeni aliishi binti mmoja, jina lake Sikudhani. Kazi yake ilikuwa mazingaombwe. Alirithi kazi hiyo kwa mama yake, marehemu Mwanaidi, pamoja na vitu vitatu: kikapu, kigoda na wimbo. Kikapu kilikuwa na mlango mdogo kwa nyuma, ambao hakuna aliyeujua isipokuwa yeye. Kigoda kilikuwa kigoda tu, kifupi, mguu mmoja umetafunwa na mchwa. Na wimbo ulikuwa hivi, na mimi nikiimba nyinyi mnaitikia:

Yai liko wapi?

— Hatulioni!

Tafuteni chini!

— Hatulioni!

Tafuteni juu!

— Hatulioni!

Vizuri. Sauti mnazo, kumbe.

Sasa, Bondeni kulikuwa na sheria. Mchezaji wa mazingaombwe akifichuliwa mara tatu mbele za watu, kikapu chake kinachukuliwa, kinapandishwa juu ya boriti nyumbani kwa Jumbe, na hakishuki tena. Vikapu viwili vilikuwa vinaning'inia huko tangu enzi za mababu. Kimoja kilijaa utando wa buibui. Kingine kuku wa Jumbe alikuwa anatagia. Sikudhani akivitazama vile vikapu, anakikumbatia chake. Hakuwa na kitu kingine cha mama yake isipokuwa kile kigoda na wimbo. Akishika kikapu kile, alikuwa anajiona kama amemshika mama mkono.

Siku ya kwanza ya Sikudhani kucheza ilikuwa harusi. Watu wamejaa, pilau inanukia, Jumbe Kobelo amekaa mbele na wazee wake. Sikudhani akasimama, akaonyesha yai. Akalipitisha kulia, akalipitisha kushoto, akapuliza, fyuu! Yai halipo. Akaimba:

Yai liko wapi?

— Hatulioni!

Tafuteni chini!

— Hatulioni!

Tafuteni...

"Mimi naliona!"

Lo! Nani huyo? Mzee mmoja amesimama katikati ya watu, mrefu, mkavu, shingo ndefu, mdomo wazi. Mzee Mwinshehe wa Kilimani. Mtani. Macho ya mzee huyo, jamani! Alikuwa anaweza kuona chawa kwenye kichwa cha mtu wa kijiji kingine.

"Liko kwapani!" akasema. "Kwapa la kushoto! Linamtekenya, mtazameni anavyojikunja!"

Watu wote wakamgeukia Mzee Mwinshehe. Kisha wote wakamgeukia Sikudhani. Na Sikudhani, maskini, alikuwa amesimama palepale kama alivyokuwa, amekufa ganzi. Akabana kwapa. Akabana zaidi. Kwach! Ute unashuka ubavuni, kiini kinafuata, gauni alilovalia harusi limekuwa la njano. Watu walicheka mpaka wakaangusha pilau.

Jumbe Kobelo akainua kidole. "Moja," akasema.

Siku ya pili ilikuwa sherehe ya arobaini ya mtoto mchanga. Safari hii Sikudhani hakutaka yai hata kulisikia. Alileta kamba. Akaikata katikati mbele za watu, akaifumbata, akaipuliza, fyuu! Kamba nzima! Watu wakaanza kushangilia, wamama vigelegele, na hapo...

"Mimi naiona!"

Yule yule. Amekaa karibu na sufuria kubwa, mfupa mkononi, mfupa wenyewe wa sahani ya mtu mwingine.

"Kipande kingine kiko ndani ya mkono wa gauni! Ngojeni niwaonyeshe."

Akaja. Mtani haulizi. Akashika ncha ya kamba kwenye mkono wa gauni, akavuta. Ikatoka kamba. Akavuta tena, kikatoka kitambaa. Akavuta tena, vikatoka vitambaa vingine vitatu, na kijiko, na ushanga wa mtu, na zile zana zote ambazo Sikudhani alikuwa amezipanga kwa michezo ya jioni nzima. Mzee Mwinshehe anavuta, anarudi nyuma, anavuta, mpaka amefika kwenye zizi la mbuzi na bado anavuta.

"Jamani," akasema, "binti huyu ni duka!"

Watu wakacheka. Sikudhani akaona moto. Macho yakajaa machozi, na kabla hajajishika mdomo umeshafunguka:

"Toka hapa! Mzee mzima hovyo! Toka!"

Kimya. Kisha nyuma huko mtu mmoja, polepole: "Kaka-siri-ka." Na mwingine: "Kakasirika!" Na wote: "Kakasirika! Kakasirika!"

Jumbe Kobelo akainua vidole. "Mbili. Na jogoo."

Sasa hapo ndipo pabaya. Sikudhani alikuwa na jogoo mmoja tu, akiitwa Karani, kwa jinsi alivyokuwa akitembea kifua mbele na kutazama watu kama wamechelewa kazini. Karani alifundishwa tangu kifaranga. Sikudhani akigonga kikapu mara tatu, ngo, ngo, ngo, Karani anapita kwenye ule mlango wa nyuma, anaingia ndani, anajikunja, anatulia tuli, kwa sababu humo ndimo alimozoea kukuta mtama. Hata umpigie ngoma, hawiki mpaka aguswe mkia. Mwaka mzima Sikudhani alikuwa anamtayarisha kwa ajili ya mchezo mkubwa. Na ndiye huyo huyo akatolewa, akawekwa kwapani mwa Mzee Mwinshehe.

"Ahsante, mtani," akasema mzee. "Nitamtunza. Nitakuja naye sikukuu ya mavuno, watu wote wamwone."

Wewe wa kofia ya kijani, unanong'ona nini? Sema kwa sauti. Eti jogoo atatoroka, arudi kwa mwenyewe? Haya, mtazameni mtabiri wetu. Mtazameni, asione haya, anapenda kutazamwa. Mm. Mm-hm. Ngojeni kidogo, koo limenikauka. Ndiyo. Hapana, bwana mtabiri, jogoo hakutoroka. Pukuchua.

Sikudhani akarudi nyumbani, akajitupa kitandani, akalia. Amebakiwa na mara moja tu. Sikukuu ya mavuno ni baada ya siku saba. Akifichuliwa tena, kikapu cha mama kinakwenda kutagiwa na kuku wa Jumbe.

Akaja mama yake mkubwa, Bi Siwema, dada wa marehemu, mama mnene mwenye maneno machache.

"Unalia nini?"

"Mama mkubwa, yule mzee ataniua. Mama alimfanyaje? Alimfukuza? Alimfunga mdomo?"

Bi Siwema akacheka. "Kumfukuza? Mwinshehe? Mama yako alikuwa hachezi mpaka Mwinshehe afike. Watu wamekaa, ngoma zimewambwa, yeye anauliza, mtani wangu kafika? Hajafika? Basi anakaa anakula karanga. Unadhani kile kigoda ni cha nani? Alikuwa anamwekea mbele kabisa, hatua mbili tu na kikapu."

"Na mzee alikuwa haoni?"

"Alikuwa anaona kila kitu. Miaka ishirini alikuwa anapiga kelele, naliona, naliona. Na hata siku moja halikuonekana."

"Alifanyaje?"

"Mimi ni mpika maandazi," akasema Bi Siwema, "nitajuaje?" Akaenda zake.

Sikudhani akawaza siku moja, hakupata. Akawaza siku ya pili, hakupata. Siku ya tatu alikuwa amekaa uani na wanawake wenzake wanapepeta mchele, kila mmoja na ungo wake. Ghafla jirani akapiga ukelele: "Nyoka! Nyoka kwenye paa!"

Wote wakatazama juu. Nani asingetazama? Kumbe ni kamba ya kuanikia nguo. Walipoteremsha macho, vifaranga sita na mama yao walikuwa ndani ya nyungo, wanakula mchele bila wasiwasi wowote.

Wanawake wakafukuza kuku. Sikudhani hakufukuza. Sikudhani alibaki ameshika ungo, mdomo wazi, anamtazama yule kuku. Kisha akaanza kucheka. Akacheka peke yake mpaka akamwaga na ule mchele uliobaki, na wenzake wakasema, maskini, yule mzee amemharibu akili.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Bondeni yote ipo, Kilimani yote imeshuka. Jumbe Kobelo amekaa mbele, na safari hii amekuja na kamba ya kutundikia kikapu, ameiweka mapajani, ameshafunga na kitanzi. Sikudhani akainua kikapu chake juu, akakipindua: kitupu. Akakiweka chini. Akaweka kigoda mbele yake, hatua mbili. Halafu akakaa, akaanza kula karanga.

"Vipi?" akauliza Jumbe. "Huchezi?"

"Mtani wangu hajafika."

Watu wakaguna. Binti huyu anajitafutia nini? Lakini Mzee Mwinshehe alikuwa njiani, na akatokea, kofia upande, Karani kwapani, anatembea taratibu ili kila mtu amwone jogoo wa hasira.

"Karibu mtani," akasema Sikudhani. "Kaa hapa mbele. Nimekuwekea kigoda."

Mzee akakitazama kile kigoda. Akakitazama mguu wake uliotafunwa na mchwa. Akakaa.

Sikudhani akaonyesha yai. Akalipitisha kulia, akalipitisha kushoto, fyuu!

Yai liko wapi?

— Hatulioni!

Tafuteni chini!

— Hatulioni!

Tafuteni juu!

— Hatulioni!

"Mimi naliona!" Mzee Mwinshehe akawageukia watu, mgongo kwa Sikudhani, mkono mmoja juu. "Mkono wa kushoto! Amelifumbata! Binti ni yule yule na ujinga ni ule ule!"

Na watu wote wakamtazama nani? Eeh? Nijibuni.

— Mzee Mwinshehe!

Wakamtazama Mzee Mwinshehe. Hata Jumbe. Na mzee akishatazamwa na watu, hana habari tena na yai. Na Sikudhani safari hii hakufa ganzi. Taratibu, bila haraka, akahamisha. Walipomgeukia, akafungua mkono wa kushoto. Mtupu.

Mzee akakunja uso. Akamkagua binti juu mpaka chini. Yale macho! Yakaona.

"Kwapani! Amelipeleka kwapani!" Amesimama sasa, anawaambia watu wa kulia, anawaambia watu wa kushoto. "Kama siku ya harusi! Mlete kitambaa mapema!"

Wote wakamtazama mzee, wanacheka. Sikudhani akahamisha. Akainua mikono yote miwili juu kabisa, akageuka mzima mzima. Kwapa kavu.

"Aa!" wakasema watu.

Mzee Mwinshehe jasho likaanza kumtoka. Akakodoa. Akaona tena, jamani, mzee yule alikuwa na macho!

"Kwenye kilemba! Liko kwenye kilemba, naapa!"

"Mtani," akasema Sikudhani kwa upole, "watu wa nyuma hawakusikii. Na hawakuoni. Si upande juu ya kinu kile?"

Kulikuwa na kinu kikubwa kimepinduliwa pembeni. Mzee akakitazama. Kinu kile! Watu wote wa vijiji viwili watamwona. Lakini kupanda kunataka mikono miwili. Basi akamtua Karani juu ya kigoda. "Kaa hapo, shahidi wangu," akamwambia. Akapanda. Akasimama juu ya kinu, amenyoosha mikono, mkanda unamlegea, anapayuka: "Watu wa Bondeni! Watu wa Kilimani! Yai liko kwenye kilemba! Na kikapu leo kinakwenda kwa Jumbe!"

Macho yote juu ya kinu, na Sikudhani akahamisha.

Ngo, ngo, ngo.

Karani akainua shingo. Akashuka kwenye kigoda, kifua mbele, hatua mbili, akapita mlango wa nyuma, akaingia, akajikunja, akatulia tuli. Shahidi wa watu alikuwa anafuata mtama wake.

Mzee akateremka kwenye kinu, anahema, ameshashinda. Jumbe ameshika kamba. Sikudhani akakifungua kilemba chake polepole, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, mzunguko wa tatu, akakikung'uta. Hakikuanguka hata kijiti.

Hapo watu hawakucheka. Jumbe akaiweka kamba chini.

"Mtani," akasema Sikudhani, "mimi yai langu limenipotea kweli. Nisaidie basi kwa jambo jingine. Jogoo wako yuko wapi?"

Mzee akageuka. Kigoda kitupu. Akatazama chini ya kigoda. Akatazama kwapani mwake, la kulia, halafu la kushoto, halafu la kulia tena. Akavua kofia, akatazama ndani ya kofia! Na Sikudhani akaimba, na watu wote wa Bondeni na wa Kilimani wakaitikia, na nyinyi itikieni:

Jogoo yuko wapi?

— Hatumwoni!

Tafuteni chini!

— Hatumwoni!

Tafuteni juu!

— Hatumwoni!

Akaingiza mkono kikapuni, kikapu alichokipindua mbele yao kikiwa kitupu, akagusa mkia.

"Kokorikooo!"

Weee! Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa Kilimani wakakata kamba. Watoto walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Na Sikudhani hajamaliza. Akamwinua Karani kwa mikono miwili, juu, watu wote wamwone. Na chini ya Karani, kwenye kikapu, limekaa safi, jeupe, tena lina joto...

— Yai!

Yai!

"Mtani wangu," akasema Sikudhani, "hongera. Jogoo wako ametaga."

Jumbe Kobelo alianguka kwenye kiti. Mzee aliyekuwa upande wake wa kulia alimshika, wakaanguka wote wawili. Mtu mmoja alicheka mpaka akaomba maji, na aliyempa maji naye anacheka, maji yote yakamwagika. Na Mzee Mwinshehe, katikati ya vicheko vile, amesimama, shingo imemvimba:

"Jogoo hatagi! Huyo ni jogoo! Jogoo wangu hatagi! Nyinyi ni wapumbavu? Nirudishieni jogoo wangu, wezi nyie!"

Kimya. Halafu nyuma huko, polepole...

— Kaka-siri-ka!

Kwa sauti!

— Kakasirika! Kakasirika!

Jumbe akainuka, anajipangusa vumbi na machozi. "Kikapu kinabaki kwa mwenyewe," akasema. "Na jogoo."

Lakini Mzee Mwinshehe jogoo mwingine hakuja naye. Alikuwa na yule yule mmoja. Basi Karani akarudi kwa Sikudhani, kifua mbele, na njia nzima anatazama watu kama wamechelewa kazini.

Mnadhani imekwisha? Kofia ya kijani anadhani imekwisha, ameshaanza kuinuka, mkono wake unaelekea kwenye sahani. Mtazameni huyo! Mtazameni mkono huo! Rudisha, bwana, rudisha. Mm. Mmh. Samahani, nimemeza vibaya.

Haijaisha. Mwaka ukazunguka, kukawa na harusi nyingine. Watu wamekaa, kikapu kipo, kigoda kipo. Mzee Mwinshehe hakutokea. Wakangoja. Sikudhani akala karanga zote zikaisha. Mtu akasema, "Kwani unamngoja nani? Yule umeshamkomesha. Cheza."

Sikudhani akakitazama kigoda kile kitupu, na moyo ukamuuma. Akakiinua, akajitwika kichwani, akapanda kilima. Akamkuta mzee amekaa nyuma ya nyumba yake, peke yake, anatazama ukuta.

"Hodi, mtani."

"Nenda zako," akasema mzee. "Watu wako wananiita Baba Mayai."

"Mimi nimekuja kukuita kwenye harusi."

"Ili nichekwe?"

"Ndiyo, uchekwe. Na mimi nichekwe. Mzee wangu, mama hakuwahi kucheza bila wewe. Hata siku moja. Alikuwa anakaa anakula karanga mpaka ufike. Na mimi bila wewe sichezi."

Mzee Mwinshehe akageuka. Akanyoosha mkono, akagusa ule mguu wa kigoda uliotafunwa na mchwa. "Mwanaidi alikuwa ananiwekea hapo mbele kabisa," akasema. "Miaka ishirini. Mimi nilidhani ananiogopa." Akamkumbuka mtani wake, akaona uchungu, akafuta macho kwa pindo la shuka. "Moshi," akasema. Na moto haukuwepo.

Kisha akauliza, kama mtu asiyetaka kujua: "Leo utaficha nini?"

"Pete."

"Mkono wa kulia!"

"Mzee, hata sijaanza!"

"Mkono wa kulia, nakwambia! Lete kigoda hicho, twende. Utatia aibu huko peke yako."

Wakashuka kilima pamoja, mzee mbele na kigoda chake, anapaza sauti tangu mbali, na harusi nzima ikasimama kumtazama anavyokuja. Na pete? Pete ilipotea hapo hapo, kabla binti hajafika uwanjani.

Sasa kuna swali. Mzee Mwinshehe alijua kwamba zile kelele zake ndizo zilizokuwa zinaficha yai? Wa Bondeni wanasema hakujua mpaka anaingia kaburini. Wa Kilimani wanasema alijua tangu siku za Mwanaidi.

Eti? Kofia ya kijani, wewe unajua? Unajua kwa hakika? Basi simama, mwanangu, watu wa nyuma hawakuoni. Panda juu ya gunia hilo. Panda tu, halipasuki. Haya, wote mtazameni, atuambie.

Mmesikia? Ahsante. Shuka. Umesema vizuri sana.

Haya. Hadithi imefika mwisho. Nani amenyamaza tangu mwanzo? Wewe? Wewe? Na wewe pia? Hongereni sana. Basi tazameni sahani, mgawane.

— Bibi!

Naam?

— Visheti viko wapi?

Tafuteni chini!

— Havipo!

Tafuteni juu!

— Bibi! Una sukari mdomoni!

Hadithi yangu nimeitua hapo, na mzigo si wangu tena. Ikiwa tamu, ichukueni mwende nayo majumbani. Ikiwa chungu, niachieni mimi, mdomo wangu unaweza kuivumilia. Na wewe wa kofia ya kijani, mtani wangu, usikae tena huko nyuma. Kigoda hiki hapa mbele ni chako.